RTX 3060 kwenye kompyuta ya ofisini yenye pawa saplai ya wati 290: usiinunue kwanza

Mkuu, umesema una kompyuta ya mezani iliyotoka kiwandani ikiwa imeshaunganishwa, ya ofisini, Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 8 na pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 290. Rafiki yako anakuuzia kadi ya grafiki, RTX 3060, nawe unauliza kama itakubali. Kwa mashine ilivyo sasa, usiinunue. Naandika kirefu kwa sababu nilishapita njia hiyo na ikanitokea puani.

Wengi tunaanza kwa kuitazama kadi. Anza na pawa saplai. Fungua ubavu wa kasha usome lebo iliyobandikwa juu yake. Utakuta jedwali lenye volti 3.3, 5 na 12. Kadi ya grafiki inakula karibu umeme wake wote kwenye volti 12, kwa hiyo chukua ampea zilizoandikwa hapo uzidishe kwa 12. Ampea 18 ni wati 216, na kwenye hizo prosesa, diski na feni nazo zinadai fungu lao. Lebo nyingine huigawa 12 mafungu mawili, 12VA na 12VB. Usiyajumlishe tu, tafuta mstari unaotaja kikomo cha yote mawili kwa pamoja, maana mara nyingi ni kidogo kuliko jumla yake.

Sasa upande wa kadi. Sloti ya PCIe x16, ile ndefu kadi inapochomekwa, hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi inayotaka zaidi huletewa waya kutoka pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. RTX 3060 inakula wati 170, na NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550. Yako ni 290, na mashine nyingi za ofisini hazina hata hiyo plagi ya pini 6.

Yangu haikuwa nayo. Pawa saplai ilikuwa ya wati 300, kadi niliyopata ni ya wati 120 yenye tundu la pini 6. Nikatafuta adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuugeuza kuwa pini 6. Ikawaka. Wiki mbili nacheza gemu kwa raha zangu. Siku moja katikati ya mchezo skrini ikawa nyeusi, na kabla sijagusa kitu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilichomoa waya ukutani nikafungua kasha. Plagi ya SATA ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, plastiki imelainika na kushikana na adapta, ikabidi niitikise taratibu ndipo viachane. Ilipotoka, pini moja ilikuwa imezama ndani.

Sababu niliielewa baadaye. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, na kila moja imepimwa kwa ampea 1.5. Piga hesabu: wati 54. Pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Nilikuwa naulazimisha ule waya mwembamba kubeba mzigo usio wake, na hakuna kitu kwenye mashine kinachokuonya mpaka uusikie kwa pua. Kadi ilipona. Ile pawa saplai sikuiamini tena, nikaitoa. Kwa hiyo, mkuu, mtu akikwambia adapta ya SATA inatosha, nakuomba usimsikilize.

Utasema basi nibadilishe pawa saplai. Inawezekana, ila kwanza angalia plagi kubwa inayoingia kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Ikiwa na pini 24, safu mbili za pini 12, una nafuu. Watengenezaji wengi wa mashine za ofisini hutumia plagi zao wenyewe, ya pini 6 au 8, na nyingine hupeleka volti 12 tu, halafu mazabodi ndiyo inayozigawia diski umeme. Hapo pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta ya modeli hiyo hiyo. Angalia pia umbo lake na matundu ya skrubu kwa nyuma, kwa sababu baadhi ni nyembamba au ndefu kuliko za kawaida.

Ningekuwa wewe ningetafuta kadi inayotosheka na umeme wa sloti peke yake. GTX 1650 ni wati 75, lakini baadhi zimewekewa pini 6, kwa hiyo tazama ukingo wa juu wa kadi kabla ya kulipa. RTX 3050 ya GB 6 ni wati 70, na hiyo ndiyo ningeichukua. Usiichanganye na 3050 ya GB 8, ambayo inakula 130. RX 6400 ni wati 53 na inavutia, ila inatumia njia 4 tu za PCIe, na mashine yako ni PCIe 3.0, toleo la zamani kuliko la kadi hiyo, kwa hiyo inapungua nguvu kwenye gemu nyingi.

Isitoshe, prosesa yako ina koa 4, yaani vitengo vinne tu vya kufanya kazi. Hata umeme ungetosha, 3060 ingekaa inaisubiri. Ukiona prosesa imefika asilimia 100 na kadi iko 60, ujue kadi haina kosa. Na kama hizo GB 8 ni kijiti kimoja cha RAM, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Kwangu hilo lilipunguza kukwamakwama kuliko nilivyotegemea.

Pima nafasi kwa rula: kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kizimba cha diski. Kadi nyingi huchukua nafasi ya sloti mbili, na kwangu iliziba tundu moja la SATA kwenye mazabodi. Kasha likiwa jembamba unahitaji kadi fupi kwa kimo, yenye bamba fupi la nyuma.

Siku ya kufunga, sasisha BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) kwanza ukiwa bado na picha. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha. Sukuma kadi mpaka klipu ya mwisho wa sloti ilie, kisha kaza skrubu. Ukiwasha ukakosa picha usiogope: hakikisha kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Mimi nilipoteza karibu saa nzima hapo. Ikiwa kebo iko sawa, ingia BIOS kwa picha ya mazabodi uhakikishe umeweka UEFI, ule mtindo mpya wa kuwasha, na kwamba sloti ya PCIe ndiyo iliyopewa kipaumbele.

Tuma picha mbili: lebo ya pawa saplai, na ndani ya kasha ukionyesha plagi ya mazabodi. Nikiziona nitakwambia kama 3050 itakaa bila kubadilisha chochote.