Mtumiaji akiomba kitufe, muulize alikwama wapi

Nasimamia programu huria ya hesabu za vikoba, yaani msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Ni ndogo: inaandika hisa, mikopo na faini, inatoa taarifa ya kufunga mzunguko, basi. Wanaochangia msimbo ni wachache na kila mmoja ana ajira yake. Wanaoomba nyongeza, hao hawahesabiki. Mtu akiniuliza kazi ngumu ya kuendesha mradi wa chanzo huria ni ipi, namtajia maombi kabla ya hifadhidata na usalama. Yakikuzidi nguvu, unaanza kuukimbia mradi wako mwenyewe.

Kwanza pokea maombi yanakopitia. Miongozo mingi huandikwa kana kwamba kila mtumiaji ana akaunti ya GitHub, tovuti ambako miradi ya programu huhifadhiwa na kujadiliwa. Wangu hawana. Ombi linakuja WhatsApp, tena kwa sauti, kuku wanawika nyuma, na kiini chake kimekaa sekunde za mwisho. Nalisikiliza, naliandika mwenyewe kwa Kiswahili kama ishu, yaani ombi au tatizo lililoorodheshwa, kwenye mradi, kisha namrudishia mwenye ombi maneno mawili matatu: "Nimekuelewa hivi. Ndivyo?" Mara nyingi ananisahihisha, na hapo nimeokoa kazi ya wiki nzima.

Kisha usikimbilie kujibu ndiyo au hapana. Mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, aliniandikia: "Mwanangu, naomba utuwekee kitufe cha kufuta malipo." Kwa anayejua programu, hiyo ni shughuli ya jioni moja. Lakini daftari la fedha ambalo mweka hazina anaweza kufuta mstari bila kuacha alama ni ugomvi unaosubiri siku yake. Nikamwandikia: "Shikamoo mama. Mara ya mwisho ulipotaka kufuta, ilikuwaje?"

Akanieleza. Mwanachama anatuma hisa zake kwa M-Pesa katikati ya wiki, na yeye anaziingiza ujumbe ukifika. Jumamosi kwenye kikao mwanachama yuleyule anatoa simu, katibu anasoma ujumbe kwa sauti, hisa zinaingizwa tena. Mwisho wa mwezi fedha zilizo kwenye programu ni nyingi kuliko zilizo kwenye sanduku, na kila jicho linamgeukia yeye. Kumbe alichohitaji ni kuzuiwa asiingize malipo mara mbili. Tukaongeza sehemu ya namba ya muamala. Programu ikikuta namba imeshatumika inakataa, na inaonyesha malipo ya kwanza yaliingizwa lini na nani. Kwa yaliyokwisha kukosewa tukaweka marekebisho: mstari wa zamani unabaki, umepigwa mstari juu yake, na jina la aliyeurekebisha linaonekana. Kitufe cha kufuta hakipo hadi leo, na yule mama hajakiulizia tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukimuuliza mtumiaji anataka nini, atakupa orodha. Muulize alikuwa anafanya kazi gani, akakwama hatua ipi, na kwa sasa anajinusuru vipi. Hilo la tatu watu wengi hulisahau. Kama anajinusuru kwa kalamu na karatasi na inamchukua dakika moja kwa mwezi, mwache na karatasi yake. Kama anakesha akijumlisha namba kwa simu usiku wa kuamkia kikao, hilo ombi lipande juu hata kama ni yeye peke yake aliyelileta.

Je, kura? Miradi mikubwa inazitumia. Januari 2016 wasimamizi wengi wa miradi waliiandikia GitHub barua ya wazi, wakilalamika pamoja na mengine kwamba ishu zao zinafurika maoni ya "+1" tu, yaani "naunga mkono". Machi mwaka huohuo zikaletwa alama za kidole gumba. Timu ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo, imejiwekea utaratibu wa wazi: ombi jipya linapewa siku 60 kukusanya kura 20, likishindwa linafungwa. Mimi naupenda uwazi huo, maana kila mtu anajua anapimwa kwa kipimo gani. Ila kwa mradi mdogo kura zinapotosha. Wanaopiga ni wenye bando na muda, wengi wao vijana wa mjini wanaotaka rangi nyeusi kwenye skrini. Mweka hazina wa kijijini, anayeitumia programu kuliko wote, hajawahi kupiga kura hata moja.

Ngumu zaidi kwetu ni kukataa. Tumelelewa kutomvunja mtu moyo, hivyo tunasema "tutaliangalia", naye anaondoka akijua amekubaliwa. Baada ya miezi anarudi kudai, na sasa ana haki ya kukasirika. Sema hapana mapema, toa sababu, funga ishu. Sababu iwe ya kweli na ya kueleweka. Nimeombwa mara nyingi programu isome yenyewe ujumbe wa malipo kwenye simu. Jibu langu limeandikwa mahali pamoja na namtumia kila anayeomba: maneno ya ujumbe yanatofautiana mtandao na mtandao, na yakibadilishwa bila taarifa hesabu za watu zitaharibika kimyakimya, Google nayo tangu Oktoba 2018 ilitangaza kubana ruhusa ya kusoma SMS kwa programu za Play Store, na anayeitaka lazima ajieleze, na zaidi ya yote, sitaki kubeba siri zilizomo kwenye ujumbe wa watu. Wengi wakisoma wanaelewa. Wasioelewa angalau hawasubiri.

Wala usidhani kuwa chanzo huria maana yake ni kupokea kila kitu. SQLite, hifadhidata iliyomo kwenye simu za Android na iPhone, inaruhusu kila mtu kuutumia msimbo wake atakavyo, lakini waundaji wake wanasema wazi kwamba mradi hauko wazi kwa michango ya kila mtu. Hakuna aliyekufa.

Kuna watakaokubana. "Mradi umekufa huu", "mbona mnachelewa", "kama umechoka waachie wengine". Mwaka 2022 msimamizi wa XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux, aliyekuwa akiubeba mradi karibu peke yake, alisukumwa na akaunti kadhaa kwa maneno ya namna hiyo. Mtu wa kumsaidia alikuwepo tayari, akijiita Jia Tan, na alipopata mamlaka matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma ndani yake, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Uligundulika Machi 2024 kwa sababu Andres Freund wa Microsoft alitaka kujua kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wanaokuharakisha hawana nia mbaya, ni watu wana kikao Jumamosi. Lakini haraka ya mtu usiihesabu kuwa hoja.

Kwa maombi mazuri yasiyomfaa kila mmoja, angalia OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na ambao mizizi yake inafika Eldoret. Kiini chake kinabaki cha wote, mengine yanawekwa kama moduli, vipande vya kuongezea; ndiyo maana Kenya ina KenyaEMR yake na Uganda ina UgandaEMR. Sisi tumefanya hivyo kwa kipimo chetu: kanuni za faini zimetolewa kwenye msimbo zikawekwa kwenye faili la mipangilio, na nusu ya ubishi ukaisha.

Na anayeomba kila wiki? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwombe ajaribu toleo jipya kabla halijatoka, au aandike maelezo ya ukurasa mmoja kwa lugha ya kikao. Baadhi wanapotea hapohapo. Wengine ndio wanaonisaidia leo kupanga maombi ya wenzao.

Fedha zikija, andika makubaliano kabla ya kuzigusa: kipengele kitatoka kwa leseni ileile, kwa watu wote, na bei ijumuishe matunzo ya baadaye. Kama ombi linapingana na mwelekeo wa mradi, fedha zisibadilishe jibu. Leseni inamruhusu mwenye ombi kunakili msimbo na kwenda zake. Kijana mmoja alitaka uchapaji wa risiti kwenye zile mashine ndogo za Bluetooth, nikakataa kwa kuwa sina mashine ya kujaribia, akachukua nakala yake na kuitengeneza. Inachapa vizuri. Anayeniuliza risiti siku hizi namtumia namba yake.