Jibu: Kuku wanahema mchana, kuandika kunakwama

Habari ndugu. Umesema kwa joto hili la Januari kuku wako 20 wa mayai wanahema kuanzia saa 6 mchana, ganda la yai limelainika, nawe unaacha kuandika kila mara kwenda kuwamwagia maji.

Anza kwa kutia kidole kwenye chombo chao cha maji. Yakiwa vuguvugu hawanywi vya kutosha. Kwenye joto kali kuku mmoja hufika nusu lita kwa siku, kwa hiyo andaa lita 10, ziwe kivulini, ubadilishe saa 5 na saa 8. Chakula wape saa 12 asubuhi, kiondoe saa 4, kirudishe saa 10 jioni, maana kumeng'enya nako kunaongeza joto mwilini. Ganda linalainika kwa sababu kuhema kunawatoa hewa ya kaboni inayohitajika kulijenga; wawekee magamba ya chaza yaliyopondwa, chombo cha peke yake, hasa jioni, kwani ganda hujengwa usiku.

Kuwamwagia maji acha kabisa kama banda halipitishi hewa: unyevu ndio unaowamaliza. Toa mbao upande wa upepo, weka wavu.

Hapo kati ya saa 5 na saa 8 unaandika bila kuinuka.