Mama kuombwa aingie utafiti wa sindano ya goti kliniki binafsi: yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu, umeuliza kama mama yako, uliye naye huku Marekani, akubali utafiti wa sindano ya goti alioambiwa na daktari wake wa mifupa, au watamfanya panya wa maabara. Mimi niko Ohio na niliwahi kuingia utafiti wa namna hiyo kwenye kliniki binafsi, goti la kulia likiwa limesagika.

Mama ajue kwamba safari hii daktari hamtibu tu. Kliniki hulipwa na kampuni ya dawa kwa kila mgonjwa anayeingia, na atakachochomwa hakipangwi na daktari. Kompyuta ndiyo inayompangia kundi: la dawa yenyewe, au la maji ya chumvi yasiyo na dawa, ili walinganishe. Mimi hilo sikufafanuliwa. Niliambiwa "una bahati, matibabu ya bure," nikasaini fomu nene nimesimama pale mapokezi. Mpaka leo linaniuma.

Siku ya sindano, bomba la sindano lilizungushiwa plasta nyeupe lote nisione kilichomo. Kabla ya kila miadi dawa ya maumivu, ibuprofen, ilikuwa marufuku. Halafu maswali ya maumivu: kupanda ngazi, kuvaa soksi, kuinuka kitandani. Kusujudu hakukuwamo, na maumivu yangu makali yako palepale, goti linapogusa mswala. Nikamwambia dada mratibu wa utafiti, akaliandika pembeni kwa kalamu. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Utafiti ulipoisha nikaambiwa nilikuwa kundi la maji ya chumvi. Na maumivu yalishashuka kutoka 7 hadi 4! Usishangae. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Texas, walitangaza matokeo ya wagonjwa 180 wa goti: waliopasuliwa ngozi tu walipata nafuu sawa na waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha goti kweli. Australia nako, 2021, kwa watu 288, sindano ya chembe sahani (zile za kugandisha damu) kutoka damu ya mgonjwa mwenyewe haikuyashinda maji ya chumvi kwa maumivu baada ya miezi 12, na sindano hiyo watu wanauziwa kwa bei ya kuumiza. Bila tafiti kama hizi tusingeyajua hayo, ndiyo maana sijutii kushiriki.

Lakini wakimtaka mama alipie hiyo sindano, mwondoe hapo. Zipo kliniki zinazotoza maelfu ya dola kwa sindano za seli shina (seli zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) huku zimejisajili ClinicalTrials.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili tafiti, kwa hiyo namba ya usajili peke yake isiwatulize.

Fomu aende nayo nyumbani. Sheria ya huku inataka aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo adai mkalimani wa Kiswahili. Usimtafsirie wewe juujuu. Kisha tafuteni kwenye fomu sehemu ya madhara: akiumia, nani analipa? Goti langu lilivimba usiku wa pili, nikakimbilia hospitali, bili ikaja kwa jina langu. Nilipoifungua fomu nikakuta imeandikwa wazi kwamba bima yangu ndiyo itakayotozwa kwanza. Ukurasa wa kumi na nne, na sahihi yangu chini yake.