Tundu za misumari usizizibe

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, kapata mbao za mashua ya babu yake anataka kuunda chombo kidogo cha kuweka sebuleni, anauliza apige vanishi gani. Nikamwambia yakhe, vanishi iache kwanza. Na najua wengi mnaonisoma mnaitamani kazi hii, kwa hiyo nawaambia nyote.

Mimi ubaharia nimeufanya miaka 26. Jahazi langu dogo la kwanza nililiunda kwa mvule wa jahazi la babu, lile lililokuwa likipakia karafuu Wete, Pemba, kupeleka Unguja. Lilipochakaa likavutwa pwani watu wakachukua mbao wakapikia, mimi nikawahi vipande viwili vya mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima. Kile cha kwanza nikakiranda mpaka kikang'aa, tundu za misumari nikaziba kwa unga wa mbao na gundi, vanishi mikono mitatu. Nikapeleka hoteli moja walioniagizia, meneja akaligeuza geuza akasema, "Mzee, hii si mbao mpya hii? Hiyo historia iko wapi?" Nikarudi nalo kwenye daladala nimelipakata. Inaniuma mpaka leo, maana kasema kweli, historia niliifuta mwenyewe kwa randa.

Kipande cha pili nikakaa nacho miaka sita sikigusi. Mwaka huu ndo nimekitoa, na mwezi uliopita nimemaliza, na wallahi najivunia. Jahazi lenyewe lilikuwa mita 12, nikagawa kwa 20 nikapata sentimita 60. Safari hii upande mmoja wa mkuku nimeuacha kama ulivyo, tundu mbili za misumari zipo, kila moja na duara lake jeusi la kutu lililoingia ndani ya mbao. Nilipopitisha msumeno ikatoka harufu ya sifa, mafuta yale ya papa babu aliyokuwa akipaka chombo, nikaweka msumeno chini nikakaa kimya.

Sasa skizeni. Pitisha sumaku kabla ya msumeno, msumari uliovunjikia ndani utakuharibia meno yote. Mbao iliyokaa baharini ina chumvi, iloweke maji baridi uyabadilishe badilishe, kisha ianike kivulini, juani itapasuka. Na usirande alama! Nasema tena, usirande alama.

Na jambo jengine, msije mkanunua milango na boriti zinazong'olewa kwenye nyumba za Mji Mkongwe eti mpate mbao ya zamani. Mji ule umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, uking'oa boriti ya mkoko darini umeliangusha dari la watu. Tafuteni pwani, ulizeni wazee, mbao za vyombo vilivyokufa zipo zinaliwa na moto kila siku.

Yule meneja kasikia, kapiga simu analitaka. Nimemwambia haliuzwi. Lipo juu ya kabati, na mjukuu wangu kila akija anatia kidole kwenye tundu ile ya omo, yaani mbele ya chombo, ananiuliza msumari wake uko wapi.