PrintDocument: kata kurasa kwanza, chora baadaye

Ndugu yangu wa Lamu, umesema daftari la samaki, mistari mia kadhaa ya nguru, changu na kamba, laonekana sawa kwenye onyesho la awali (print preview) la programu yako ya Windows Forms, zana za Microsoft za kutengeneza programu za madirisha, ila ukichapisha hutoka karatasi moja yenye kichwa tu. Printa haina kosa. Onyesho lile limekwisha kuita PrintPage, tukio la PrintDocument (kitu kinachosimamia uchapishaji) linalochora ukurasa mmoja mmoja, kwa kila ukurasa, kihesabu chako cha mistari kimefika mwisho, na uchapishaji wa pili umeanzia hapo hapo. Kirudishe sifuri ndani ya BeginPrint, tukio ambalo huitwa kila kazi inapoanza, iwe ya skrini au ya karatasi.

Hilo latosha kwa leo, lakini usiishie hapo. Kukata kurasa huku unachora ndiko kunakozaa shida karibu zote. Ndani ya BeginPrint chukua PrinterSettings.CreateMeasurementGraphics(), ubao wa kupimia tu usiochapisha, upime kila mstari kwa MeasureString ukiipa upana wa safu, maana jina refu la chombo cha uvuvi hujikunja. Kisha weka orodha: kila ukurasa unaanza mstari gani, na jumla iliyoletwa kutoka kurasa za nyuma ni kilo ngapi na shilingi ngapi. PrintPage ibaki kuchora tu, na HasMorePages, alama ya kusema bado kuna kurasa, iwe true maadamu ukurasa umesalia. Usipoiweka wewe, kazi hukoma. Hapo ndipo unapoweza kuandika "Ukurasa 3 kati ya 9", kwani idadi unaijua mapema.

Vipimo ni sehemu za mia za inchi. A4 ni 827 kwa 1169. Pambizo za kawaida ni 100 kila upande. Ukizifanya 50 unabaki na 727 kwa 1069. Kwenye kimo toa 80 za kichwa na 30 za nambari ya ukurasa, na mistari yenye kimo cha 20 itaingia 47. Usiiachie printa ichague karatasi: ikiwa imewekwa Letter, 850 kwa 1100, hesabu yote inavunjika. Tafuta PaperKind.A4 kwenye PaperSizes, uiweke katika DefaultPageSettings. Weka pia OriginAtMargins, inayofanya uchoraji uhesabiwe kuanzia pambizo, iwe true na uanze kuchora 0,0, la sivyo maandishi husogea kulia na chini.

Tarakimu zipangwe kulia kwa StringAlignment.Far.

Jihadhari na mstari mrefu kuliko ukurasa mzima. Kanuni yako ikisema "hautoshi, peleka mbele" bila kukubali angalau mstari mmoja kila ukurasa, kurasa hazitaisha kamwe. Na jumla kuu isikae peke yake kwenye karatasi ya mwisho. Iteremshie mistari miwili ya kuandamana nayo, mkaguzi wa hesabu asidhani kuna karatasi iliyopotea.

Jaribu kwa mistari 0, 46, 47 na 48, ukipeleka Microsoft Print to PDF usimalize karatasi. Jaribio la mistari 47 ndilo gumu: ukurasa umejaa na jumla haina pa kukaa, kwa hiyo ukurasa wa kwanza lazima ubaki na 45, miwili iandamane na jumla.