Mzee mwenyewe anasema nini? Majibu kwa barua zenu

Barua za kuwauguza wazee, kutoka mitaa yetu ya Lubumbashi, Kongo, ni nyingi, na karibu zote zina kasoro moja: mtoto ameandika, mkwe ameandika, hata mchungaji ameandika, ila mgonjwa hayumo. Sijui anaumwa wapi kwa maneno yake, sijui anataka nini. Nimechukua hizi.

Mzee wangu anaumwa mgongo na magoti. Nimpe dawa gani kali? (mtaa wa Kenya)

Ana umri gani? Ana tansio (presha)? Figo zake zikoje? Amewahi kuwa na vidonda vya tumbo? Anameza dawa zipi sasa? Hukuandika hata kimoja, kama wenzako wa mwezi uliopita, na bado unataka jina la dawa. Aanze na parasetamoli, kwa kipimo kamili na kwa saa, si kidonge kimoja anapozidiwa. Na muache kumchoma diklofenaki za farmasia ya pembeni. Kwa mtu wa miaka sabini sindano hizo huumiza figo, hutoboa tumbo na kupandisha tansio mnayohangaika kuishusha. Akitoa choo cheusi kama lami, ni hospitali siku hiyohiyo.

Jana jioni nkambo, mzee wetu, alishindwa kushika kikombe, mdomo ukapinda. Tulimwekea kidonge cha tansio chini ya ulimi, akalala. Leo hasemi. Tusubiri apate nguvu kidogo ndipo tumpeleke? (Ruashi)

Hapana. Swali la namna hii haliandikwi, linapakiwa kwenye gari.

Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kugoma, vyote kwa ghafla, ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine. Jambo la kwanza mtakaloulizwa ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, mahali ilipo na penye skana (mashine ya kupiga picha ya ubongo), hutolewa kabla hazijapita saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Ninyi mmelala nazo. Hata pasipo dawa hiyo hospitali ina kazi: kupima sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana inaweza kumfanya mtu aonekane amepooza, kuangalia kama anaweza kumeza, kumlinda na nimonia.

Sasa hicho kidonge cha chini ya ulimi, ambacho nakutana nacho kila kona ya mji huu. Tansio ya mgonjwa wa kiharusi ikianguka kwa ghafla, ubongo ambao tayari una njaa ya damu unanyimwa hata ile kidogo iliyobaki. Msimpe. Msimpe aspirini pia, maana bila skana hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka. Wala msimnyweshe maji au uji, vitaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, muondoke.

Na kama huyo nkambo ana sukari na anameza glibenklamidi, mwambieni daktari. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema dawa hiyo haifai kwa waliopita miaka 60, kwa sababu inashusha sukari na kuishikilia chini kwa muda mrefu. Farmasia zetu bado zinaiuza kama karanga.

Serum (dripu) ya vitamini inampa mzee nguvu? (Kampemba)

Inampa mwenye duka nguvu. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, chupa mbili za maji mshipani zinaweza kumjaza mapafu usiku huohuo.

Mama ana kansa ya ziwa, kidonda kinanuka, halali usiku. Hospitali walisema hakuna la kufanya, turudi nyumbani. Daktari mwingine ametaja morfini lakini kaka yangu amekataa: eti itamuua au atakuwa mlevi wa dawa. (Katuba)

Barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi zaidi. Nianze na hiyo kauli ya "hakuna la kufanya", maana inanikera tangu nilipovaa vazi la uuguzi. Kuponya kansa ni kazi moja. Kumfanya mama alale, asinuke, aongee na wajukuu bila kuuma meno, ni kazi nyingine, ina dawa zake na ina mbinu zake. Aliyesema hakuna la kufanya alimaanisha yeye hana la kufanya.

Harufu kwanza, kwa kuwa ndiyo inayofukuza wageni na kumfanya mama ajione uchafu. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, kisha vidonge vya metronidazoli visagwe kuwa unga laini na kunyunyizwa juu yake kila kinapofungwa. Muuguzi wa kituo cha jirani awaonyeshe mara ya kwanza. Siku chache zikipita mtaona tofauti.

Morfini sasa. Kaka yako si wa kwanza kuiogopa, hata madaktari wapo wanaoificha. Ya kumeza, ikianza kidogo na kupandishwa polepole kufuata maumivu, haiui. Hutolewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kusubiri mama alie. Usingizi na kichefuchefu cha mwanzo kwa kawaida hupungua baada ya siku kadhaa. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku ileile ya morfini. Asiyeandika hiyo ameandika nusu ya dawa. Kwa mzee, na hasa mwenye figo dhaifu, kipimo kinakuwa chini zaidi. Mkiona hashtuki mnapomwamsha na pumzi zake zimekuwa chache, msimpe nyingine, mwiteni daktari. Ulevi wa dawa si jambo la kuogopa kwa mgonjwa anayemeza kwa ajili ya maumivu. Ila chupa ifungiwe, maana kijana wa nyumbani ni habari nyingine.

Wanaosema hizi ni anasa za wazungu watazame Uganda. Hospice Africa Uganda ilianza 1993, morfini ya maji inachanganywa hukohuko, mgonjwa haitozwi, na tangu 2004 sheria yao inamruhusu hata muuguzi aliyepata mafunzo maalumu kuiandika. Nchi hiyo si tajiri kuliko mashimo yetu ya shaba na kobalti. Kinachotupungukia ni wakubwa wanaoona kwamba mama wa Katuba anayelia usiku ni tatizo lao.

Na mama amesema nini? Umeniandikia kaka anasema, daktari anasema. Kaeni naye, mwelezeni dawa, aamue yeye. Kaka yako akitaka kukataa dawa ya maumivu, akatae ya kwake.

Baba ana miaka 81. Siku tatu sasa anasema ovyo, anaona watu ukutani, usiku anataka kwenda kazini. Kwenye maombi wamesema ni ulozi, labda wa kwake mwenyewe. (Kamalondo)

Usahaulifu wa uzee huja kwa miaka. Kilichokuja kwa siku tatu ni ugonjwa wa mwili unaojionyesha kichwani: nimonia, mkojo wenye maambukizo au uliokwama, malaria, sukari, ukosefu wa maji, dawa mpya aliyoanza juzi. Msidanganywe na mwili usio na joto, mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa. Apelekwe leo, na mfuko wa dawa zake zote.

Wanaomba, waombe, lakini wakiwa nyuma ya gari linaloelekea hospitali. Kumfunga mzee kamba au kumfungisha chakula ili akiri ni kumtesa, na mahali pa kuripoti mateso ni polisi. Nimeona wanawake wazee wakifukuzwa nyumbani kwa homa ambayo vidonge vya wiki moja vingeimaliza.

Baba, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, moyo umechoka kabisa. Daktari anasema hata reanimasio (chumba cha mahututi) haitabadilisha mengi. Ndugu wanataka tuuze kiwanja tumpeleke Afrika Kusini. Yeye amekaa kimya. (Kampemba)

Amekaa kimya au hakuna aliyemuuliza?

Wazee hao walikuwa wakisema "Gécamines njo baba, njo mama", na kweli hospitali ya kampuni iliwatibu wao, wake zao na watoto. Kisha zikaja zile "kuondoka kwa hiari" za 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakatoka, na matibabu yakabaki nyuma ya geti. Mtu aliyepitia hayo anajua kiwanja kile ni nini na kinamwachia nani. Mnauza mali yake kwa ajili yake bila sauti yake.

Mmoja wenu, yule anayemsikiliza zaidi na si yule mwenye pesa nyingi, akae naye bila simu. Amuulize anaelewaje ugonjwa wake, anaogopa nini, akizidiwa anataka kuwa wapi na nani awe karibu. Ajibu leo angali na pumzi. Mkingoja hadi usiku ule, atakayeamua ni yule ndugu aliyetua uwanja wa ndege wa Luano asubuhi, ambaye hajamwogesha hata mara moja, na ambaye siku zote ndiye mwenye sauti kubwa.

Kubaki nyumbani hakumaanishi kumtupa. Dawa ya kutoa maji mwilini izidishwe au ipunguzwe kwa kufuata uzito wake, chumvi ipungue, mito iinuliwe, dirisha liwe wazi hewa impige usoni. Morfini kidogo sana inaweza kutuliza hata kukosa pumzi. Na msinunue mashine ya oksijeni ya umeme kabla ya kumuuliza daktari kama oksijeni imepungua kweli kwenye kipimo cha kidole. Mkiinunua, hesabuni na jenereta, maana SNEL, shirika letu la umeme, mnaijua.

Mgonjwa wetu amekataa bukari (ugali), hata uji. Tutumie mpira wa puani? (Katuba, barua ya pili)

Mwili unaofunga safari hauombi chakula. Lowesheni midomo kwa kitambaa chenye maji, pakeni mafuta, mpeni kijiko kama anaomba. Asiyeomba msimlazimishe.

Usiku saa nane, hakuna ambulansi. Nimpeleke vipi? (Ruashi)

Mchana tafuta namba mbili za wenye magari mtaani, ukubaliane nao bei kabla ya usiku. Mfuko mmoja ukae mlangoni: dawa zote, karatasi za hospitali, pesa za fishi (karatasi ya kuandikishwa hospitalini). Aliyeanguka na mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje amevunjika nyonga: asikandwe, asipandishwe pikipiki katikati ya watu wawili. Funga miguu yote miwili pamoja kwa kitenge, mlaze kwenye mlango au ubao, ndipo gari.