Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya waanzilishi wa kampuni: niende au nibaki?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mhandisi wa programu za kompyuta, mwenye umri wa miaka 31. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa, mimi na rafiki niliyewahi kufanya naye kazi tumekuwa tukijenga programu inayowasaidia wenye zahanati ndogo kufuatilia akiba yao ya dawa. Tuna wateja 11 wanaolipa kila mwezi, lakini mapato hayajatosha kutulipa mishahara, kwa hiyo bado nimeajiriwa. Hivi karibuni nimedahiliwa kusoma shahada ya uzamili iliyoandaliwa mahususi kwa waanzilishi wa kampuni changa. Ni masomo ya mwaka mmoja, ya kuhudhuria darasani kila siku, na ada yake itamaliza akiba yangu yote, kisha nitalazimika kukopa. Nina hofu kwamba nisipojifunza biashara sasa nitachelewa. Mwenzangu hapingi, ila kila ninapolitaja jambo hili hunyamaza. Je, niende?
— Msomaji aliye njia panda

JIBU: Ndugu msomaji, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama si kwenye ada wala kwenye mkopo, bali pale uliposema kwamba mwenzako hunyamaza. Nitaanza na shahada yenyewe, kisha nitamrudia yeye.

Watu wanaobishana kuhusu jambo hili hupenda kutaja majina makubwa, na majina hayo hayasaidii sana. Upande mmoja utakukumbusha kwamba Bill Gates aliacha masomo Harvard mwaka 1975, mwaka uleule ilipoanzishwa Microsoft. Upande wa pili utakujibu kwamba Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walifanya kazi pamoja Stanford wakiwa wanafunzi wa uzamivu, kwamba waanzilishi wawili wa Grab, kampuni ya usafiri wa kuitwa kwa simu huko Asia, walikutana katika shule ya biashara ya Harvard, na kwamba Warby Parker, kampuni ya kuuza miwani, ilianzishwa na wanafunzi wanne waliokuwa wakisoma pamoja Wharton, shule nyingine ya biashara ya Marekani. Ukiitazama mifano hii kwa makini utagundua kwamba kitu kikubwa ambacho chuo kiliwapa wengi wa watu hawa hakikuwa cheti, na huenda hata somo halikuwa. Kilikuwa ni mtu wa kushirikiana naye, pamoja na muda wa kujaribu jambo bila kuulizwa faida iko wapi. Wewe mtu huyo unaye tayari, na jaribio lenyewe limekwisha kukupatia wateja 11.

Kuhusu hofu ya kuchelewa, iweke kando. Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia kumbukumbu za kampuni za Marekani, ulionyesha kwamba waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi kubwa zaidi walikuwa na umri wa wastani wa miaka 45 walipozianzisha. Kwa hiyo umri wako haukufukuzi kutoka kazini kwenda darasani, wala haukukatazi kusoma baadaye.

Swali linalobaki ni kama mtaala huo unajibu kile kinachoizuia kampuni yako kwa sasa. Kabla hujalipa chochote, andika kwenye karatasi sababu tatu zilizowafanya wenye zahanati waliokukatalia wakatae, ukitumia maneno yao wenyewe, kisha uiweke karatasi hiyo kando ya orodha ya masomo. Ikiwa mmoja alikataa kwa sababu mhudumu wa dirisha la dawa, akifika jioni amechoka, hana nguvu tena ya kuhesabu vidonge na kuingiza idadi kwenye simu, hakuna somo la mikakati litakalompunguzia mhudumu huyo kazi. Litakalompunguzia ni wewe kukaa naye jioni mbili au tatu na kuona kidole chake kinakwama wapi. Lakini ikiwa unapoteza wateja kwa sababu hujui kupanga bei, au huwezi kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha, hayo yanafundishika vizuri darasani, ingawa hata hayo hayahitaji mwaka mzima.

Simaanishi kwamba shahada hizi ni kazi bure. Ningemshauri aende, bila kusita, mtu anayehama kutoka fani moja kwenda nyingine akiwa hana mwenza wala mtandao wa watu, au yule ambaye wazo lake linahitaji maabara na wasimamizi wa utafiti, au aliyepata ufadhili kamili. Wewe ungelipa kwa mkopo, na mkopo una tabia moja ambayo matangazo ya vyuo huipita haraka: marejesho hayangoji kampuni ianze kulipa. Nimewaona wahitimu kadhaa wa shahada za ujasiriamali wakirudi kwenye ajira si kwa kupenda, bali kwa sababu tarehe ya rejesho ilifika kabla ya faida.

Lipo pia suala la umiliki, ambalo naona ajabu kwamba waombaji wengi hawaliulizi. Vyuo vingi vina kanuni zinazovipa haki juu ya uvumbuzi uliofanywa kwa kutumia vifaa au fedha za chuo. Hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, ya mfumo wa kupanga kurasa za mtandao ulioizaa Google ilikuwa mali ya Stanford, na hisa ambazo chuo hicho kilipewa kwa ajili ya leseni yake kiliziuza kwa jumla ya dola za Marekani milioni 336. Programu yako imeanza kabla ya chuo. Pata jibu la maandishi kwamba itabaki yenu, na kwamba yale utakayoyaongeza ukiwa mwanafunzi hayatabadilisha hilo.

Zipo njia fupi zaidi. Programu za kulea kampuni changa kama Y Combinator, iliyoanza mwaka 2005, huchukua takriban miezi mitatu na hutoa fedha badala ya kudai ada, lakini huchukua sehemu ya hisa. Kwa masharti yaliyotangazwa mwaka 2022, asilimia 7 ya kampuni kwa dola 125,000, pamoja na dola 375,000 nyingine ambazo hisa zake hukokotolewa baadaye. Chuo hakigusi hisa zako kwa namna hiyo. Hata hivyo kinagusa muda wako, na hapo ndipo ninapomrudia mwenzako.

Mimi mwenyewe niliwahi kugawana kampuni na rafiki nusu kwa nusu kwa kupeana mikono, naye akaondoka baada ya miezi saba akiwa na nusu yake yote. Kanuni ambayo ingeniokoa ni rahisi: hisa za kila mwanzilishi huiva kidogo kidogo, yaani huwa zake kamili kwa awamu, kwa kawaida katika miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha hapati kitu. Sasa jiulize jinsi mwaka wako wa darasani utakavyohesabiwa. Je, hisa zako zitaendelea kuiva wakati yeye anapokea simu za wateja 11 peke yake, au zitasimama? Nadhani yeye ameshajiuliza.

Ushauri wangu ni kwamba usiende mwaka huu. Kiombe chuo kikuahirishie udahili. Kikikataa, bado ningebaki. Lakini kabla ya kuandika barua hiyo, kaa na mwenzako, mgawane wazi kazi, muda na hisa, na mwandike makubaliano hayo hata kama ni ukurasa mmoja. Usimuulize kama anapinga, kwa maana hilo ameshalijibu. Muulize angefanya nini siku ya kwanza ambayo wewe haupo. Kisha niandikie tena, kwa sababu ningependa kujua alikuwa akinyamazia nini.